UZI: Roboti ya kulisha inang'ara kwenye maonyesho, inashindwa nyumbani. Kosa liko wapi?

#1 MwalimuTudor
Salaam wadau. Naweka hoja, anayetaka kuivunja aivunje.

Kila mwaka miradi ya mwisho ya wanafunzi wetu hapa Mombasa haikosi roboti ya kumlisha mtu asiyeweza kutumia mikono. Mota za sevo (zile unazoziamuru zisimame kwenye pembe fulani), kijiko, ubao wa Arduino (kompyuta ndogo ya kuziendesha), siku hizi na kamera juu. Siku ya maonyesho mkono unachota wali, unampelekea mwanafunzi mwenzao mdomoni, makofi. Wiki inayofuata umo kabatini na hautoki tena.

Dai langu: kosa si mota wala pesa, ni mpangilio wa somo. Saketi tunaifundisha wiki ya kwanza, mtumiaji tunamleta wiki ya 12, wakati kila kitu kishaungwa kwa lehemu. Hapo hata akisema kijiko kinamjia upande mbaya, anaambiwa asante na alama zinatolewa.

Muhula wa wiki 14 ningeupanga hivi. Wiki tatu za kwanza hakuna waya. Wanafunzi wakae kwenye mlo, kwa idhini, waandike kila kitendo: nani kakifanya, kimechukua sekunde ngapi, anayelishwa alikuwa akitazama wapi. Wiki ya nne na ya tano, mkono wa kadibodi unaovutwa kwa mshipi wa kuvulia. Ya sita na ya saba, mchawi nyuma ya pazia: mtu aliyejificha anauendesha mkono, mtumiaji anatoa amri kana kwamba anaongea na mashine. Mota zinunuliwe wiki ya nane, si kabla.

#2 FundiMakupa
Wa aleikum salaam mwalimu. Kwa heshima zote, hiyo ni hoja ya mtu wa karatasi. Mikono hii inauawa na stima.

Fungueni muone nyaya zao. Sevo tatu za MG996R zimechomekwa kwenye pini ya volti 5 ya Arduino, na Arduino inalishwa na chaja ya simu ya ampea 2. Sevo moja ya aina hiyo ikikwama kwenye volti 6 inakula ampea 2.5. Tatu zikikwama pamoja ni 7.5. Volti zinaporomoka, ubao unajiwasha upya, na programu ikianza upya kitu cha kwanza inachofanya ni kuzirusha sevo zote mahali pa kuanzia. Kijiko wakati huo kiko usoni mwa mtu.

Dawa inajulikana. Mota ziwe na chanzo chao peke yao, volti 5 hadi 6, ampea 10. Ishara zipitie ubao wa kuendeshea sevo, PCA9685. Kapasita ya mikrofaradi 1000, ya kutuliza volti, ikae karibu na ubao huo. Waya hasi wa mota na waya hasi wa Arduino ziunganishwe pamoja, na hapa ndipo wengi wanapopotea: wakisahau, sevo zinatetemeka ovyo, nao wanakwenda kutafuta kosa kwenye programu. Na programu isianze kwa kuruka. Ikumbuke pembe ya mwisho, isogee digrii moja moja.

Pwani ongeza chumvi. Pini za vichomeko zinaota kutu ya kijani hata zikiwa ndani ya nyumba. Viungo vya lehemu vipake rangi ya kucha ile ya maji, isiyo na rangi. Vichomeko vyenyewe usivipake, utakata mawasiliano.

#3 DogoMagongo
Fundi shikamoo. Mbona MG996R imeandikwa kilo 11? Kijiko cha wali hakifiki hata robo kilo. Inashindwaje hapo?

#4 HesabuTu
Dogo, si kilo. Ni kilo mara sentimita, yaani uzito mara umbali wake kutoka kwenye mota, na ni 9.4 kwenye volti 4.8, 11 kwenye volti 6. Tena hiyo ni nguvu ya kukwama, pale mota imesimama inavuta kila ampea iliyopo. Si nguvu ya kufanyia kazi.

Piga hesabu ya bega. Tuseme mkono ni sentimita 30 kutoka bega hadi kijiko, na umenyooka sambamba na meza, maana hapo ndipo unapolemea zaidi.

Kijiko na chakula, gramu 60 kwa sm 30: 1.8
Sevo ndogo ya kifundo, gramu 9 kwa sm 24: 0.2
Sevo ya kiwiko, gramu 55 kwa sm 15: 0.8
Mkono wenyewe, gramu 100, uzito katikati: 1.5

Jumla 4.3. Kwa volti 4.8 umeshatumia asilimia 46 kabla hujauambia mkono usogee. Sevo za bei hii ukitaka ziishi usivuke theluthi. Ukivuka zinanguruma, zinapata moto, na kishikio kilichochapishwa kwa plastiki ya PLA kinalegea, kwa sababu PLA inalainika karibu na nyuzi 60. Tumieni PETG, plastiki inayovumilia joto zaidi, au mbao tu, mbao haina neno.

Njia rahisi ni uzito wa kupinga. Refusha mkono nyuma ya bega sm 20, funga hapo gramu 200. Umeondoa 4.0 kati ya ile 4.3. Kiwiko kikikunjwa hesabu inabadilika: mzigo wa mbele unapungua na uzito wa nyuma unauzidi, basi piga hesabu ya hapo pia.

#5 FundiMakupa
Mwalimu unaona? Hilo somo la wiki ya kwanza, na bado hatujamwona mtumiaji.

#6 MwalimuTudor
Naona mikono inayoinuka vizuri kuelekea mahali pasipotakiwa.

#7 TabibuViungo
Nyote mnazungumza mkono, hakuna aliyetaja koo.

Mtu mwenye mtindio wa ubongo, au aliyepata kiharusi, mara nyingi kazi kubwa si kukifikia chakula, ni kukimeza. Akipaliwa, mashine yenu inafanya nini? Ninavyoiona miradi hii, inaleta kijiko kingine, kwa sababu imepangiwa sekunde kadhaa kati ya tonge na tonge.

Haya ndiyo ninayotaka kuyaona kabla ya mota yoyote:

Kukaa. Nyonga digrii 90, miguu imekanyaga kitu, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kikishuka kutoka juu, kichwa kinainuka kukifuata, kidevu kinapanda, na njia ya hewa inabaki wazi wakati chakula kinapita. Kijiko kije usawa wa mdomo wa chini au chini yake kidogo. Mikono ya wanafunzi karibu yote inatoka juu, kwa sababu ndiyo njia fupi kwa programu.

Kiasi. Nusu kijiko cha chai. Kijiko cha mezani kinapendeza kwenye video tu.

Kusubiri. Tonge linalofuata liitwe na mtu mwenyewe, lisiitwe na saa.

Kung'ata. Wapo ambao kitu kikigusa meno, taya zinafunga ghafla na hawawezi kuzifungua kwa hiari. Mlezi mzoefu havuti, anasubiri taya zilegee. Roboti inavuta, kwa sababu imeandikiwa rudi nyuma. Ndiyo maana kijiko kiwe cha silikoni au plastiki laini, si chuma, na kishikwe kwa sumaku ili kikivutwa kiachane na mkono.

Hivyo kwangu tatizo si stima wala ratiba. Hakuna mtu wa kumeza kwenye timu.

#8 DogoMagongo
Shukran dada. Na uji? Unamwagika njia nzima hadi unafika mtupu.

#9 TabibuViungo
Usitoe uji bila kuupima. Kuna kipimo cha IDDSI, cha kimataifa cha uzito wa vyakula na vinywaji kwa wenye shida ya kumeza, ngazi 0 hadi 7. Cha vinywaji kinafanyika kwa sirinji ya mililita 10: toa sindano na pistoni, ziba tundu kwa kidole, jaza hadi 10, achia sekunde 10, ziba tena. Ikibaki chini ya 1 ni ngazi 0, sawa na maji. 1 hadi 4 ni ngazi ya 1. 4 hadi 8 ni ya 2. Zaidi ya 8 ni ya 3. Isipotoka kabisa ni ya 4, na hapo unapima kwa uma au kijiko. Pima ukiwa na joto lile lile atakalonywea, maana uji ukipoa unakuwa mzito na namba inaruka. Ngazi anayopaswa kula mtu inaamuliwa na aliyempima kumeza, sio na mwenye roboti.

Kuhusu kumwagika, hilo waulize wenye hesabu. Mimi najua kwamba uji wa kutosha uzito haumwagiki.

#10 HesabuTu
Unamwagika kwa sababu mkono unaanza na kusimama kwa ghafla. Usiiamuru sevo iende pembe 80 moja kwa moja. Igawe safari vipande 100, vya mwanzo na vya mwisho viwe vidogo, vya katikati vikubwa. Na kifundo kizungushwe kinyume cha bega na kiwiko ili kijiko kibaki sawa na sakafu: pembe ya kifundo ni hasi ya jumla ya zile mbili. Mstari mmoja wa programu.

#11 AmuKwao
Yakhe nyinyi wote mmeweka roboti juu ya meza. Meza ya nani?

Mikono hii imebuniwa kwa meza ya sentimita 70 hivi, mtu amekaa kitini peke yake na sahani yenye vyumba. Roboti ya kulisha ya My Spoon ya Japani ya mwaka 2002 ina vyumba vinne. Obi ya Marekani ya 2016, vinne. Nendeni Mji wa Kale saa ya futari. Mkeka chini, sinia moja katikati, watu watano, kila mtu anakula upande wake. Anayelishwa amekaa ameegemea mto, na mamake anamwekea tonge huku anazungumza na wengine. Mleteeni roboti, na kitu cha kwanza itakachofanya ni kumtoa kwenye sinia na kumpeleka pembeni kwenye meza yake na sahani yake. Mnauita huo uhuru?

Ndiyo sababu unarudi kabatini. Unamlisha mtu huku unamtenga na watu.

#12 ZiwaLaNgombe
Hapo umenena. Ila si kila nyumba ya Mombasa inakula mkekani kila siku, tusifanye sinia kuwa sheria.

#13 AmuKwao
Sijasema kila siku. Nimesema hakuna aliyepima kimo.

#14 BahariYaKusi
Swali la kizembe: mkono ukifungwa upande wa kushoto wa mtu, hiyo si ni kulishwa kwa kushoto? Bibi zetu watakubali?

#15 FundiMakupa
😂 Roboti haina kushoto yakhe.

#16 AmuKwao
Msicheke. Mtu mwenye kiharusi cha upande wa kulia swichi yake itakuwa kushoto, na mwanafunzi ataweka mkono mahali palipobaki. Kama mwenye nyumba hajisikii vizuri akiona kijiko kinatoka kushoto, hakisemi, anakizima tu. Gharama ya kulitatua ni ndogo: msingi uwe na matundu mawili ya skrubu, kulia na kushoto, na programu iwe na swichi moja ya kugeuza pembe ya bega iwe hasi.

#17 TabibuViungo
Naongeza sababu ya kitabibu. Baada ya kiharusi wapo wanaopuuza upande mmoja kabisa, kitu kikija huko hawakioni ijapokuwa macho ni mazima. Kwa hiyo kulia au kushoto ni swali la kupima mtu, si la adabu peke yake.

#18 NyaliVipimo
Nimesoma yote. Maelezo matano sasa, na kila mtu ana hakika. Mimi naona tatizo liko nyuma zaidi: ripoti zenyewe zinadanganya, ndiyo maana hakuna anayejua roboti ilishindwa lini.

Chukua SUS, dodoso la John Brooke la 1986 la kupima urahisi wa kutumia kitu. Maswali 10, alama 1 hadi 5. Maswali ya namba witiri unatoa 1, ya namba shufwa unatoa alama kutoka 5, unajumlisha, unazidisha kwa 2.5. Matokeo ni 0 hadi 100. Ripoti inaandika "roboti imefaulu kwa asilimia 72". Si asilimia. Wastani wa mifumo iliyopimwa kwa dodoso hili uko karibu na 68, hivyo 72 maana yake ni ya kawaida, imepita wastani kidogo.

Halafu tazameni waliojaza: wanafunzi wenzao 12, watu watatu wasioweza kutumia mikono. Wanachanganya, wanapata wastani mmoja. Wale 12 wana mikono! Alama zao hazina kazi.

Na la tatu ni adabu zetu. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walifanya jaribio Bangalore, India. Watu walioneshwa vitu viwili na kuambiwa kimoja kimetengenezwa na anayewahoji. Walikuwa na uwezekano mara 2.5 zaidi wa kukipenda cha mwenye kuhoji. Mhojaji alipokuwa mgeni mwenye mkalimani, ikawa mara 5. Sasa mwanafunzi aliyevaa koti jeupe anaingia nyumbani kwa mtu Kisauni na mashine aliyoitengeneza mwenyewe, anauliza "mumeionaje?" Atajibiwa nini zaidi ya mashallah?

Anayehoji asiwe aliyejenga. Na lete vitu viwili, usilete kimoja, mtu achague.

#19 ZiwaLaNgombe
Lakini Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa matumizi, alisema watu 5 wanatosha kupima. Mbona unalalamikia watatu?

#20 NyaliVipimo
Alisema watano wanatosha kupata makosa ya muundo, hakusema wanatosha kupata wastani. Hesabu ni ya Nielsen na Landauer, 1993: sehemu ya makosa utakayoyaona ni 1 − (1 − L)ⁿ. L ni nafasi ya mtu mmoja kukutana na kosa fulani, n ni idadi ya watu. Wao walipata L ya wastani 0.31, na kwa watu 5 inatoka 84 kwa mia.

Lakini L hiyo ilitoka kwenye programu za kompyuta na watumiaji wanaofanana. Kwetu mmoja anatetemeka, mwingine amekakamaa, wa tatu shingo haisimami. Kosa linalompata mmoja haliwapati wengine, L inashuka. Weka L ya 0.1: watu 5 wanakuonesha 41 kwa mia tu. Bora watu watatu mara tatu, kila mara umerekebisha, kuliko tisa mara moja.

#21 SwichiMoja
Naomba niingie upande wa amri, maana wengi wanaandika "mtumiaji atabonyeza" kisha wanapita.

Mtu mwenye swichi moja anachagua kwa taa zinazopita: bakuli la kwanza linawaka, la pili, la tatu, la nne, anabonyeza likiwaka alitakalo. Si jambo jipya. Roboti ya kulisha ya Handy 1, aliyoianza Mike Topping pale Keele, Uingereza, mwaka 1987 kwa ajili ya kijana wa miaka 11 mwenye mtindio wa ubongo, ilifanya hivyo hivyo.

Kosa la wanafunzi ni kasi ya taa. Wanaweka sekunde moja kwa kuwa wao inawatosha. Pima hivi: taa moja iwake bila mpangilio, mtu abonyeze, rudia mara kadhaa, chukua wastani wa muda wake, gawa kwa 0.65. Akichukua sekunde 1.2, taa ikae 1.85. Kwa mabakuli manne wastani wa kusubiri ni hatua 2.5, yaani sekunde 4.6 kila tonge. Matonge 40 ni dakika tatu za kutazama taa. Zinavumilika. Kwa mabakuli manane hazivumiliki, hivyo usiongeze mabakuli kwa ajili ya kupendeza.

Swichi yenyewe: kichomeko cha milimita 3.5 cha waya mbili, ili mtu aje na swichi yake aliyoizoea. Kuchuja mtikisiko wa chuma kunatosha milisekunde 20 hadi 50, lakini mkono unaotetemeka unabonyeza mara tatu ukidhani umebonyeza mara moja. Hapo puuza mabonyezo yote kwa milisekunde 300 hadi 500 baada ya la kwanza. Ila usipuuze swichi ya kusimamisha. Hiyo iwe nyingine kabisa, na ikate stima ya mota, isipitie programu.

Kwa anayegusa skrini: kitufe cha sm 2 kilicho umbali wa sm 30 kina ugumu wa biti 4 kwa kanuni ya Fitts, ya kukadiria ugumu wa kulenga kitu. Kipanue hadi sm 4, inashuka 3.1. Asili ya kanuni hiyo ni ya 1954 na ilipimwa kwa mikono mizima, mwenye mikono inayoruka usimpigie hesabu hiyo, mpime mwenyewe.

#22 DogoMagongo
Si bora sauti tu? Mtu anasema "lete", inaleta.

#23 SwichiMoja
Huku mdomo umejaa wali?

#24 BahariYaKusi
😂😂 Dogo pole.

#25 SwichiMoja
Sauti ina nafasi yake kwa anayesema wazi, ila maneno yachaguliwe. "Simama" na "sogea" yote yanaanza na s na yote silabi tatu, feni ikiwa inazunguka yatachanganywa. Chagua yanayotofautiana urefu na irabu. Na wa Mombasa akiita atasema "ndoo", sio "njoo". Programu iliyofunzwa kwa sauti za redio itashangaa. Rekodi sauti ya mtumiaji mwenyewe, maneno manne, mara ishirini kila neno, feni imewashwa. Waliopata kiharusi sauti yao jioni si ile ya asubuhi, rekodi nyakati zote mbili.

#26 KisauniMlezi
Mnapima tonge. Hakuna aliyepima kabla ya tonge la kwanza na baada ya tonge la mwisho.

Hesabuni kazi ya mlezi roboti ikiwepo: kuitoa, kuifunga mezani, kuchomeka, kusogeza kiti hadi mdomo ufikie pale kijiko kinapoishia, kukata nyama na samaki vipande vidogo, kutoa miiba, kugawa kwenye mabakuli, kujaribu kijiko mara moja. Kisha kukaa pale pale, maana mtu aweza kupaliwa na huwezi kwenda sokoni. Kisha kuosha. Na kijiko kimeunganishwa na sevo isiyoshikwa na maji, mchuzi wa nazi umeingia kwenye giya.

Kulisha kwa mkono ukitoa yote hayo ni kukaa na sahani. Mwandike mistari miwili kwenye ripoti: dakika za mikono ya mlezi bila roboti, dakika za mikono ya mlezi na roboti. Mstari wa pili ukizidi wa kwanza, mumetengeneza kazi, hamjaipunguza. Kila kinachogusa chakula kitoke kwa mkono mmoja bila bisibisi na kioshwe kwa maji ya moto.

#27 ZiwaLaNgombe
Lakini yule anayelishwa aweza kutaka hivyo hivyo, hata kama mlezi anachoka zaidi. Kula kwa kasi yako mwenyewe si kitu kidogo.

#28 KisauniMlezi
Aweza. Basi aulizwe yeye, na mlezi aulizwe mbali naye. Wakiulizwa pamoja kila mmoja anamlinda mwenzake.

#29 MwalimuTudor
Wadau, hayo yote mliyoyataja, kimo cha mkeka, kidevu, kazi ya mlezi, kushoto na kulia, hayaonekani kwenye karatasi ya data ya sevo. Yanaonekana wiki ya kwanza ukikaa kwenye mlo. Mnanijengea hoja yangu wenyewe.

Nifafanue tu mchawi nyuma ya pazia, maana wengi wanamfanya vibaya. Mchawi ni binadamu, ana akili, anasaidia. Akiona mtu anageuka anamngojea, jambo ambalo mashine haitaweza, na matokeo yanakuwa matamu ya uongo. Mpe karatasi ya sheria: amri sita tu, nje ya hizo asifanye lolote. Kila amri aicheleweshe sekunde mbili. Moja kati ya kumi aikosee makusudi, kwa orodha iliyopangwa kabla, ili tuone mtu anafanya nini mashine ikikosea. Hapo ndipo unajifunza. Na mwisho mtumiaji aambiwe kulikuwa na mtu, na aulizwe upya kama anakubali rekodi yake itumike.

#30 FundiMakupa
Mwalimu, mwanafunzi akinunua mota wiki ya nane, zikifika wiki ya kumi mbovu, atakuletea kadibodi wiki ya 14. Utampa alama?

#31 MwalimuTudor
Nitampa. Kadibodi iliyomkuta mtu inazidi chuma kilichomkosa.

#32 FundiMakupa
Na mwajiri wake je? Mtu ana shahada ya uhandisi, hajui kapasita inakaa wapi.

#33 HesabuTu
Wagawe. Kikundi cha wanne, wawili kwenye mlo, wawili kwenye benchi, wabadilishane wiki ya sita.

#34 MwalimuTudor
Imejaribiwa vyuo vingi. Wa benchi hawasomi maandishi ya wa mlo.

#35 BomboluluNjiani
Nyinyi mnagombania wiki ya kumleta mtumiaji. Kwa nini aje kama wa kupimwa? Karakana ya Bombolulu hapa Mombasa imekuwa na mafundi wenye ulemavu wanaofanya kazi za mikono tangu 1969. Watu hao wanajua kuchomelea, wanajua nini kinavunjika kwenye kiti cha magurudumu na kwa nini. Mwekeni mmoja awe anatoa alama kwenye jopo, alipwe kama mtahini. Kura yake iwe na uzito wa wote.

Na tukiwa hapo, mtu wa kiti cha magurudumu anavuka feri Likoni maji yakiwa yamekupwa, njia imeinama vile. Ukimuuliza anataka mashine gani, sidhani atasema kijiko.

#36 AmuKwao
Hilo la feri uzi mwingine, lakini fungua, nitachangia.

#37 DogoMagongo
Fundi, sevo tukiziacha, mota ya waipa ya gari chakavu? Ina nguvu na haishuki stima ikipotea.

#38 FundiMakupa
Haishuki kwa sababu ya giya ya minyoo. Skrubu inaizungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuizungusha skrubu. Kwa kubeba ni nzuri sana, volti 12, na mafundi wa gari wanaijua. Utahitaji potenshiometa begani kukuambia pembe, maana yenyewe haijui iko wapi.

#39 TabibuViungo
Hiyo hiyo sifa ndiyo hatari. Stima ikipotea kijiko kikiwa mdomoni, mtu au mlezi hawezi kuusukuma mkono ukaondoka. Sevo ndogo inasukumika, hiyo haisukumiki. Msiilete karibu na uso.

#40 FundiMakupa
Weka klachi ya msuguano kati ya mota na mkono: washa mbili za ngozi, springi, nati ya kukazia. Kaza hadi ibebe mzigo na kidogo juu yake, ukisukuma kwa kidole inateleza. Pima kwa mizani ya kuvuta samaki ukiwa umeifunga kwenye kijiko.

#41 TabibuViungo
Ikilowa mchuzi itateleza wakati usiotakiwa. Lakini nionesheni.

#42 NyaliVipimo
Kabla hamjaoneshana: mkitaka kurekodi video ya mtu anakula, taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na mtoto anahitaji idhini ya mzazi. Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, viombwe mapema. Hii peke yake inakula wiki zile tatu za mwalimu zisizo na waya, na yeye hakuiweka kwenye ratiba.

#43 MwalimuTudor
Mwalimu aombe kibali kimoja cha somo zima muhula uliotangulia. Wanafunzi wanaingia chini yake.

#44 NyaliVipimo
Kamati ikikubali. Kila kikundi kikibadilisha chakula au swichi, maombi ya marekebisho yanaanza.

#45 DogoMagongo
Dada Tabibu, lile jaribio la uji, sirinji yoyote ya mililita 10 ya duka la dawa?

#46 TabibuViungo
Hapana. Pima kwa rula: kutoka alama ya 0 hadi ya 10 iwe milimita 61.5. Zipo fupi na nene zenye ujazo ule ule, uji unatoka kwa kasi nyingine, na ngazi yako itakuwa ya uongo.